Hassan Fathy, mjenzi aliyesomeshwa na mafundi wa udongo

Aendaye Madina kutoka pwani yetu hakosi kufika Msikiti wa Quba na kusali humo. Msikiti huo ulijengwa upya mwaka 1986, na aliyechora ramani yake ni Mmisri, Abdel-Wahed El-Wakil. Huyo El-Wakil alisoma ujenzi mara mbili: kwanza chuoni, kisha miguuni pa mzee mmoja aliyekaa na paka wake katika nyumba kongwe mjini Cairo, karibu na Ngome ya Salahuddin. Mzee huyo aliitwa Hassan Fathy. Habari zake zafaa zijulikane na kila mtu anayekusudia kujenga nyumba, na zaidi na yule anayelala usiku akijipepea kwa joto la nyumba aliyokwisha kujengewa.

Fathy hakupata jina kwa majumba marefu. Kazi iliyomtangaza ulimwenguni ni kijiji cha udongo ambacho wale waliojengewa walikataa kukihamia. Ni ajabu mtu kusifiwa kwa kazi iliyomshinda, lakini tukiyafuata maisha yake tangu mwanzo tutaona sababu, na tutaona pia kosa lililokuwamo ndani ya kazi hiyo njema.

MTOTO WA WENYE MASHAMBA

Alizaliwa Iskandaria tarehe 23 Machi 1900, katika nyumba ya watu wenye nafasi. Baba yake alikuwa na mashamba lakini hakupenda kuyakanyaga. Kwake yeye shamba lilikuwa ni mahali pa nzi, mbu na maji machafu, na watoto wake aliwakataza kuwa na shughuli nako. Mama yao alikuwa kinyume chake. Utoto wake aliupitisha shamba, na hamu yake haikumtoka. Akawa akiwahadithia wanawe habari za mifugo na mazao na maisha ya huko. Basi kijana Hassan akakua akiyapenda mashamba asiyoyajua ila kwa masimulizi.

Mapenzi hayo yalimfanya atake kuingia chuo cha ukulima. Alipofika mbele ya watahini wakamwuliza mambo ya mazao, naye hakuweza kuyajibu, maana hajapata kuliona shamba. Akaangushwa. Ndipo alipogeukia ujenzi, akahitimu mjini Cairo mwaka 1926, na kuanzia mwaka 1930 akawa mwalimu katika chuo cha sanaa cha mji huo huo.

Ni baada ya kuhitimu ndipo alipokwenda kwa mara ya kwanza kuliangalia shamba la kwao. Alichokikuta hakikufanana na hadithi za mama yake. Wakulima waliokuwa wakiwalimia walikaa katika vibanda vya giza, vifupi, vichafu, visivyo na maji wala choo. Fahari yote ya familia yake ilitokana na jasho la watu wale, na hakuna hata mmoja wa familia aliyepata kufika kuona wanalala wapi. Jambo hilo lilimwingia moyoni, na tangu siku hiyo akajiuliza vipi mtu asiye na fedha ataweza kuwa na nyumba ya heshima.

TATIZO NI PAA

Jibu la kwanza alilipata chini ya miguu yake. Mkulima wa Misri ana udongo, ana makapi ya ngano na ana jua. Akichanganya tope na makapi akayafinyanga na kuyaanika, hupata matofali mabichi bila ya kulipa mtu. Wataalamu wa siku zile waliudharau udongo, wakaona hauna maana mbele ya saruji na chuma. Fathy aliona kuwa lau wangeutazama vizuri wangekuta ndani yake dawa ya tatizo walilokuwa wakilitafutia fedha.

Kuta, basi, zilikuwa rahisi. Taabu ilikuwa ni paa. Misri haina misitu, na boriti zilikuwa zikiagizwa nje kwa bei ambayo maskini haimudu. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, hata hizo boriti zikaadimika. Mwaka 1941 Fathy alikuwa akijenga nyumba za shamba huko Bahtim, karibu na Cairo, na mbao hazikupatikana. Akafikiri kuezeka kwa matofali yenyewe, kwa paa la tao, kama walivyofanya watu wa kale. Lakini hakuna fundi wake aliyejua siri ya kazi hiyo. Walijenga, yakaanguka. Wakarudia, yakaanguka tena.

Ndugu yake mmoja alikuwa mkubwa wa kazi katika bwawa la Aswan, kusini kabisa mwa nchi. Aliposikia msiba huo akamwambia kuwa Wanubi wa huko huezeka kwa matofali ya udongo bila ya ubao hata mmoja, na bila ya kitu chochote cha kushikilia kutoka chini. Fathy akafunga safari.

MAFUNDI WA ASWAN

Katika kijiji cha Gharb Aswan alikuta alichokuwa akikitafuta. Nyumba zilikuwa ndefu, safi, zimepambwa, na juu yake mapaa ya tao yamepangana moja baada ya jingine. Watu wenyewe hawakuwa matajiri. Aliwatafuta waashi, na alipowapata akawatazama wakifanya kazi kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mafundi wawili husimama juu ya kuta mbili za chumba zinazoelekeana. Kwenye ukuta wa mwisho, ambao huinuliwa zaidi, hupaka tope kwa mkono na kuchora umbo la tao kwa kukadiria kwa macho tu, bila ya kamba wala kipimo. Kisha huweka safu ya kwanza ya matofali kwa kuiegemeza kwenye ukuta huo, imelala kidogo. Safu ya pili huegemea ya kwanza, na ya tatu huegemea ya pili, hata tao likafunga. Matofali hayo hutiwa makapi mengi ili yawe mepesi, na uso wake hukwaruzwa kwa vidole likiwa bado bichi, ili yanate juu ya tope yasiteleze. Hivyo kila tofali hushikwa na mwenzake, na hapana haja ya kalibu ya mbao. Chumba kizima huezekwa kwa siku moja na nusu.

Fathy, mwalimu wa chuo, alikuwa ameona kwa wazee wasiosoma jambo ambalo vitabu vyake vyote havikumfunza. Ujuzi huo haukuwa wa jana. Huko Luxor, nyuma ya hekalu la Firauni Ramses wa Pili, ziko ghala zilizoezekwa kwa matao ya udongo vivyo hivyo, na umri wake umepita miaka 3,200. Mtu anayesema udongo haudumu, na asimame mbele ya ghala zile.

Alirudi kaskazini pamoja na mafundi wa Kinubi, na kuanzia hapo hakuwaacha. Walijenga pamoja naye na waliwafundisha wengine pamoja naye, na kila alipotajwa hakuona haya kusema kuwa hao ndio walimu wake.

KIJIJI CHA GOURNA

Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ilimwita kwa kazi kubwa. Ng'ambo ya mto Nile, mkabala na Luxor, walikaa watu wapatao 7,000 katika vijiji vya Gourna, juu ya kilima chenye makaburi ya wakubwa wa zama za Mafirauni. Maisha ya watu hao yalitegemea makaburi hayo. Baadhi yao waliongoza watalii, wengine walitengeneza sanamu za kuuza, na wako waliochimba na kutoa vitu vya kale kwa siri. Siku moja ikagunduliwa kuwa mchongo mzima umekatwa katika ukuta wa kaburi na kuibwa. Serikali ikaona dawa ni kuwahamisha watu wote, ikanunua ekari 50 za uwanda chini ya kilima, na Fathy akapewa kazi ya kujenga mji mpya.

Hapo alipata nafasi ya kutimiza yote aliyoyaota. Alikataa kujenga safu za nyumba zinazofanana kama mabanda. Alizipanga kwa kufuata milango na jamaa, kila ujirani na uwanja wake. Alijenga msikiti wenye kuba na ngazi ya nje ipandayo kwenye mnara, kama ilivyo desturi ya Misri ya juu. Alijenga soko, shule, jumba la michezo, na khan ya kufundishia kazi za mikono. Kila nyumba ilikuwa na ua wake wa ndani, wenye kivuli, ambamo wanawake hufanya shughuli zao kwa stara. Badala ya vioo, mianya ilipangwa kwa matofali yenyewe, mwanga na upepo vikapita na macho ya nje yasiingie. Viti na mashubaka vilifinyangwa pamoja na kuta, hata mwenye nyumba asihitaji kununua vyombo vingi.

Mkazi wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa akisoma haya atadhani anasoma habari za nyumba ya babu yake. Ukuta mnene, ua wa kati, baraza iliyoshikana na nyumba, vidaka vya kuwekea vyombo, yote hayo wazee wetu waliyafanya kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama vile Wamisri walivyoyafanya kwa udongo. Fathy alipenda sana kueleza kuwa mambo haya hayakuwa mapambo. Dirisha la mbao zilizochongwa, ambalo Waarabu huliita mashrabiya, hupunguza ukali wa jua, huruhusu upepo, humsitiri aliyemo ndani, na zamani lilikuwa mahali pa kuweka mitungi ili maji yapoe. Kitu kimoja hufanya kazi nne, na hakitumii umeme hata chembe.

WENYEWE WALIKATAA

Kazi ilidumu miaka mitatu. Iliandamwa na makaratasi ya serikali. Makapi ya kutengenezea matofali yalichelewa kwa kungoja sahihi, na mishahara ya mafundi ilichelewa vile vile. Lakini msiba mkubwa zaidi ulitoka Gourna kwenyewe. Watu hawakutaka kuhama. Fathy mwenyewe alisimulia jinsi tuta la maji lilivyotobolewa ili kijiji kipya kighariki. Mwaka 1948 kazi ilisimama, na sehemu ndogo tu ya mji ilikuwa imejengwa.

Walikuwa na sababu. Riziki yao ilikuwa kilimani, na uwandani hapakuwa na kaburi wala mtalii. Hakuna aliyewauliza kwanza kama wanataka kuondoka. Waliulizwa tu, baada ya amri kwisha kutolewa, wanataka nyumba ya namna gani. Wako pia waliosema kuwa kuba ni la kaburi la walii, na mtu aliye hai halali chini yake. Juu ya yote, mtu aliyeishi katika udongo maisha yake yote huota siku moja kuwa na nyumba ya saruji kama ya mkubwa wa mjini, na si rahisi kumshawishi kuwa udongo ule ule alioukimbia ndio bora.

Huu ndio uzito wa maisha ya Fathy, na haifai kuufunika kwa sifa. Mtu aliyewapenda maskini kuliko wasomi wengi wa zama zake alipelekwa kwao na serikali iliyowahamisha kwa nguvu, naye akadhani uzuri wa nyumba utafuta ubaya wa amri. Haukuufuta. Hata baadaye, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, serikali ilipozibomoa nyumba za kilimani, watu walipelekwa kwenye mji mwingine uliojengwa mahali pengine.

SAFARI NA SIFA ZA UGENINI

Kwao hakupata heshima kubwa miaka hiyo. Mwaka 1957 akaondoka kwenda Athens, Ugiriki, akafanya kazi huko miaka kadhaa, kisha akarejea Cairo na kukaa katika ile nyumba kongwe ya mtaa wa Darb al-Labbana. Hakuchoka. Mwaka 1964 vilijengwa vyumba vya majaribio mjini humo ili kulinganisha vifaa vya ujenzi. Ndani ya chumba cha matofali ya udongo, chenye ukuta wa nusu mita, joto lilipanda na kushuka kwa nyuzi 2 tu kutwa na kucha. Ndani ya chumba cha saruji, chenye ukuta wa sentimita 10, lilifika nyuzi 36, nayo ilikuwa nyuzi 9 zaidi ya hewa ya nje. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba ile angepata nafuu kwa kutoka na kusimama uwanjani.

Mwaka 1967 alianza kijiji kingine, Baris, katika jangwa la Kharga. Hapo alijenga soko lenye minara ya kunasa upepo wa juu na kuuteremsha chini, ili mboga na matunda yasiharibike kwa joto. Vita vya Juni mwaka huo vikaikata kazi hiyo, na haikumalizwa.

Yaliyomshinda kwa tofali akayafanya kwa kalamu. Habari za Gourna, pamoja na makosa na fedheha zake, aliziandika katika kitabu kilichotoka Cairo mwaka 1969 na kuchapishwa tena Chicago mwaka 1973. Hapo ndipo jina lake lilipoenea. Vijana wa nchi nyingi waliokuwa wakifundishwa kuiga minara ya vioo ya Ulaya na Marekani walikisoma kitabu hicho wakaanza kutazama upya nyumba za bibi zao. Mwaka 1980 alipewa nishani ya Aga Khan ya ujenzi na pia tuzo ya Right Livelihood ya Sweden. Mwaka huo huo, naye ana miaka 80, alikwenda New Mexico, Marekani, pamoja na mafundi wawili wa Kinubi, kuwajengea Waislamu wa huko msikiti wa udongo katika kijiji cha Abiquiu. Alifariki Cairo tarehe 30 Novemba 1989.

ALICHOACHA

Ukitaka kuona alichoacha, usitazame Gourna peke yake. Huko maji ya chini ya ardhi yenye chumvi yalikula misingi, na familia nyingi zilipoongezeka zilivunja udongo zikajenga saruji. Katika miaka ya karibuni, Unesco pamoja na serikali ya Misri walianza kuyatengeneza upya majengo ya umma yaliyobaki, ukiwamo msikiti.

Matunda mengine yako mbali. El-Wakil alichukua ujuzi wa kuba na matao akaupeleka katika misikiti ya Saudi Arabia. Kuba na kuta nyeupe, viti vilivyojengwa ukutani na nuru inayochujwa na mianya, vikawa mtindo unaopendwa na matajiri katika majumba yao ya mapumziko na katika hoteli za watalii za pwani ya bahari ya Sham. Ni kinyume kidogo kwamba nyumba iliyokusudiwa mtu asiye na kitu imekuwa pambo la mwenye vingi.

Lakini huko Burkina Faso, tangu mwaka 2000, chama kilichoanzishwa na mwashi Mfaransa na mkulima wa nchi hiyo kimekuwa kikiwafundisha wanavijiji kujenga lile lile tao la Wanubi, kwa kuwa nao hawana miti na bati linawaunguza. Kazi hiyo imeenea Mali, Senegal, Benin na Ghana. Hapo mtu hajengewi kwa amri. Huliona tao kwa jirani, hulala chini yake usiku mmoja, kisha humwendea fundi na kusema naye bei.

Tofauti hiyo ndiyo somo. Fathy alikuwa na haki katika udongo, katika upepo na katika kivuli, na vipimo vya joto vilimshuhudia. Alipokosea ni pale alipopokea kazi ya kumchagulia mtu makao ambayo mwenyewe hakuyataka. Ujuzi ni wa fundi, lakini nyumba ni ya mwenyewe, na mmoja hawezi kuchukua mahali pa mwenziwe.

Nasi wa pwani tuna la kujiuliza. Mafundi wetu wanaojua kuchoma chokaa, kupima boriti za mikoko na kuchonga vidaka wamekuwa wachache, na vijana wetu wanajenga vyumba vya saruji vyenye bati juu, kisha wananunua pangaboi za kufukuza joto walilolijenga wenyewe. Hakuna haja ya kumlazimisha mtu arudi nyumba ya kale. Inatosha mwenye kujenga akiwaendea wazee hao mapema na kuwasikiliza, kama alivyofanya yule mwalimu wa chuo aliyesimama chini ya jua la Aswan akimtazama mwashi akipaka tope kwa mkono. Mungu amrehemu.